Kaske Isiyo na Kamba

Miaka ile vita vilipokuwa vimekaza upande wa Kivu, mimi nilikuwa na meza ya kaske sokoni Kisangani. Kaske ndivyo tunavyoita hedifoni. Meza yenyewe ilikuwa mbao mbili juu ya makreti ya bia, na juu yake parasoli yenye tundu upande mmoja. Jua likifika saa saba nilihamisha bidhaa kidogo kidogo, nikikimbia lile tundu. Leo nikikumbuka meza ile nacheka peke yangu, lakini wakati ule nilijiona mkurugenzi.

Niliuza hasa zile zisizo na waya. Zilikuwa zimeingia mjini kwa wingi, na kila kijana alitaka kuonekana nazo hata kama simu yake haina chaji. Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, lakini kwa kaske nilikuwa profesa. Hakuna iliyotoka mezani kwangu bila kupita mtihani, na mtihani niliutunga mwenyewe.

Kwanza sauti. Nilikuwa nimerekodi kwaya ya parokia yetu kwa simu, Jumapili moja, nikiwa nimesimama nyuma kabisa. Kwenye ubeti wa pili kuna mama mmoja anakohoa, mara moja tu, kikohozi kidogo cha kuficha kwenye kitambaa. Kaske mbovu inakupa wimbo bila kikohozi. Kaske nzuri inakupa kikohozi. Kaske nzuri kabisa inakupa hata kitambaa. Nilizipata mbili tu za namna hiyo, na zote mbili niliona uchungu kuziuza.

Halafu kichwa. Watu wengi huvaa kaske wakiwa wamesimama wima kama wanapigwa picha, wanasema iko muzuri, wanaondoka. Mimi nilimpa mteja kipande cha ndizi ya kuchoma, nikamwambia atafune. Taya likicheza ndipo kaske inaonyesha tabia yake. Kuna inayochomoka, kuna inayobana mpaka jicho linatoa machozi. Watu wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walikuwa na kituo chao mbele yangu, nao walikuja kufanya mtihani mara tatu tatu kwa siku bila nia yoyote ya kununua. Niliwajua kwa meno.

Mwisho mwendo. Simu inabaki mezani, wewe unatembea na kaske kichwani mpaka kwaya inaanza kukatika. Nyingi zilifia kwa mama muuza kwanga, ile mihogo ya kupikwa ndani ya majani. Moja ilifika hadi mlango wa famasi, na wenye toleka wakaipigia kengele.

Ndoto yangu ilikuwa duka la vioo. Ndani kuna feni, kuna kiti laini, mtu anakaa, anafumba macho, anasikiliza bila haraka na hakuna anayemsukuma. Niliwaelezea watu wa toleka duka hilo kila siku, mpaka wakaanza kuniuliza kiti kiko rangi gani.

Sasa mtu niliyetaka akae wa kwanza kwenye kiti kile alikuwa papa yangu, baba mzazi, na papa yangu hakusikia.

Alikuwa fundi wa kushona. Mashini yake ya kukanyaga ilikaa kwenye baraza ya nyumba yetu, inatazama njia. Masikio yake yaliharibika katika vita vya zamani, mimi sijazaliwa, bomu lilipoanguka karibu na ukuta aliojificha. Sikio la kushoto lilikufa siku ileile. La kulia lilibaki, ila mwaka hata mwaka liliisha kama sabuni. Papa alisema la kulia ni tiifu mno, linamfuata mukubwa wake. Wateja walicheka, naye alicheka kuliko wao. Lakini muuguzi wa dispensari alikuwa ameniita pembeni akaniambia kwamba sauti ndogo iliyobaki mule haitamaliza mwaka, na kwamba dawa ya jambo hilo haiko hapa.

Nieleze na tabia yake moja. Akitaka kujua kama mashini inahitaji mafuta, aliinama, akaweka taya lake juu ya kichwa cha mashini, akazungusha gurudumu polepole kwa mkono. Halafu alinyoosha kidole: hapa, iko inalia hapa. Alitia tone moja mahali palepale, na mashini ilinyamaza. Tangu utotoni nilimwona akifanya hivyo, nikadhani ndivyo mafundi wote wanavyofanya.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alikuwa ameolewa Kivu Kaskazini. Vita vilipofika kwao alikimbia na watoto wawili hadi kijiji ambako mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Kupiga simu ilikuwa kazi bure, sauti ilikatika kabla ya kumaliza salamu. Kwa hiyo alipanda kilima, akarekodi ujumbe wa sauti, akaurusha, akashuka. Mara moja kwa wiki, mara nyingine wiki mbili zinapita. Mama siku nyingi alikuwa ameshuka Isangi kununua samaki, na nyumbani tulibaki wawili, mimi na papa, tukiisubiri simu kama watu wanaosubiri wali uive.

Ujumbe ukifika niliuweka kwa nguvu zote za simu. Majirani wote walisikia. Walijua watoto wa yaya wamekula nini, walijua shemeji amepotelea wapi. Papa peke yake ndiye hakusikia. Aliegesha simu kwenye sikio la kulia, akakunja uso, akatikisa kichwa. Basi nilimrudishia maneno kwa kupiga kelele, mdomo karibu na sikio: anasema wako wazima, anasema wamepata mahali pa kulala, anasema mdogo ameota jino.

Aliitika kila neno. Mwisho akasema, siku zote vilevile, bila hasira:

"Weye unaniletaka maneno, mwana. Mi natafuta sauti."

Nilimwambia basi amjibu, arekodi na yeye, yaya afurahi. Alikataa. Alisema hawezi kumjibu mutu ambaye hajamusikia, ni kama kuitika hodi isiyopigwa. Kwa hiyo majibu nilirekodi mimi: papa anakusalimu. Na yaya kule juu ya kilima akawa anauliza, mwisho wa kila ujumbe, kwa nini papa mwenyewe hasemi. Swali hilo sikumfikishia papa hata siku moja.

Ndiyo maana nikaanza kupima kaske kwa ajili yake. Nilijiapiza kwamba kabla sikio lile halijafungwa kabisa, atamsikia mtoto wake.

Zenye waya tulikuwa tumekwisha kuzijaribu zamani. Waya uliingia kwenye gurudumu la mashini, ukazunguka mara mbili, ukamvuta papa kichwa chini kama mbuzi. Akasema mashini nayo inataka kusikiliza. Kwa hiyo lazima ziwe bila waya.

Nilianza na zile ndogo, kama punje mbili za mahindi. Masikio ya papa ni mapana, hazikutulia. Asubuhi ya pili moja ikapotea. Tulitafuta chini ya mashini, ndani ya kopo la vifungo, kwenye mifuko yake yote. Mwisho nikapata akili: niliweka kwaya, nikaanza kupitisha sikio juu ya nguo zilizoshonwa siku ile, moja baada ya nyingine. Suruali ya mwalimu mmoja wa jirani ilikuwa inaimba. Papa alikuwa ameishonea mule ndani ya pindo, na mshono ulikuwa mzuri, hata mwenyewe aliusifu kabla ya kuukata.

Nikaleta ya shingoni, ile inayokaa kama kola na ina sumaku mbili za kushikana kifuani. Kwa kila mtu sumaku zile ni faida. Kwa fundi wa nguo ni balaa. Kufika saa sita papa alikuwa amekusanya pini zote za barazani kifuani pake, anang'aa kama jenerali. Mama mmoja aliyekuja kupima blauzi alimwinamia amsalimu, akaruka nyuma. Niliirudisha mezani siku hiyohiyo.

Ya tatu ndiyo niliyoiamini. Ilikuwa ya utepe wa kupita juu ya kichwa na vikombe viwili vidogo vya kukaa juu ya masikio, yenye sifa iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inazima kelele za nje. Hii ilikuwa moja ya zile mbili zilizonipa kikohozi na kitambaa. Nilimweleza papa sifa hiyo kwa fahari, kwa kelele na kwa ishara za mikono. Akafikiri kidogo.

"Hiyo kazi banisha nifanyia," akasema. "Bule. Mu vita." Yaani vita vilikwisha kumzimia kelele za nje, tena bila malipo.

Ilimbana kwenye miwani, akavumilia. Nikaweka ujumbe wa yaya, nikapandisha sauti hadi mwisho. Alifumba macho. Nilimwangalia midomo. Baada ya muda akafungua macho, akaniambia taratibu kwamba anasikia nyuki ndani ya chupa. Nyuki wengi, lakini wako mbali. Akaniuliza kama nyuki wale ndio yaya. Nikasema ndio. Akasema bon, ni mwanzo muzuri, nao wanaonekana ni wenye afya. Alisema hivyo kunifurahisha mimi, na mimi nilienda kulia nyuma ya nyumba, karibu na mapipa ya maji.

Hata hivyo mtu mwenye ndoto hachoki upesi. Nilijiambia kosa ni la vikombe, ni vidogo, sauti inavuja pembeni. Papa anahitaji kubwa, ya kufunika masikio yote mawili, yenye kukaza. Hapa mjini hakuna. Bidhaa zangu nilizichukua kwa maman mmoja kutoka Butembo, mwenye depo, ghala la bidhaa, katika ule mtaa unaoitwa Kisangani kama mji wenyewe. Mdogo wake alikuwa kule kwao, ndiye aliyepakia malori, na malori yalikuja kwa ile barabara ndefu ya Bafwasende, yanasimama siku na siku kwa sababu ya vita na matope. Maman yule alikuwa akiandika oda yake ya vipuri vya pikipiki. Alinihurumia, akanipa kalamu, akaniambia niandike mwenyewe pale chini. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule:

*Kaske 1. Kubwa. Ya kufunika masikio yote mbili. Ya kukaza. Bila kamba.*

Kamba, kwetu, ni waya pia. Nilisoma mara mbili nikaona hakuna kosa.

Tulingoja lori lile miezi miwili. Kila wiki nilipita depo, maman ananiambia limeonekana huku, limekwama kule. Papa alikuwa na nyuki wake, na nyuki walipungua. Wiki moja alisikia chupa tu. Nilipokuwa nikimrudishia maneno ya yaya nilianza kuongeza ya kwangu, utani kidogo, busu kwa papa, maana niliona aibu kumletea maneno makavu. Yeye alinitazama, nadhani alijua, akaitika tu.

Siku lori lilipofika nilifunga meza mapema, watu wa toleka wakanibeba bila kudai. Maman wa depo alinikabidhi boksi kubwa ajabu. Nikafikiri, loo, hii kweli ni ya kufunika. Sikufungua njiani. Nilitaka tufungue pamoja.

Asubuhi ile ujumbe wa yaya ulikuwa umeingia, na papa alikuwa amekaa kwenye mashini na kaske yetu ya tatu kichwani, anajaribu kama nyuki wamerudi. Niliweka boksi juu ya meza ya kukatia, nikakata utepe kwa mkasi wake.

Ndani mlikuwa na kofia ngumu ya pikipiki.

Nyekundu, kubwa, yenye sponji nene ya kufunika masikio yote mawili, tena ya kukaza. Kwetu hiyo nayo ni kaske. Dereva wa pikipiki anavaa kaske, askari anavaa kaske, mimi nauza kaske, neno ni lile lile, na oda yangu ilikuwa imekaa chini ya minyororo na matairi. Kilichonimaliza ni pale kidevuni. Kamba ya kufungia ilikuwa imeondolewa. Haikukatwa ovyo, mtu alikuwa amekaa akafumua uzi kwa sindano, pande zote mbili, kwa uangalifu, kwa sababu mteja wa Kisangani amesema hataki kamba. Kulikuwa na kikaratasi: *Tumetosha kamba vile mulisema.* Yaani wameitoa.

Nilikaa chini sakafuni. Nilianza kucheka halafu kicheko kikageuka. Miezi miwili. Papa hakuelewa, akachukua kikaratasi akakisoma, akaitazama kofia, akanitazama mimi. Halafu, ili mtoto wake aache kulia, akaitwaa akajitumbukiza kichwa chote, na miwani, na kaske ya tatu ikiwa bado kichwani. Kofia ilikataa kidogo. Akaisukuma kwa viganja viwili, akapiga juu, ikashuka. Vikombe vile vidogo vikateleza nyuma ya masikio, sponji ikavikandamiza pale kwenye mfupa. Akanyoosha mikono kama anashika usukani. Alifanya na mlio wa pikipiki kwa mdomo.

Mlio ukakatika katikati.

Mikono ilibaki hewani. Nilidhani miwani imemkata. Nikasimama nimtoe kofia, akanizuia kwa kidole kimoja, kama anavyonizuia nikisema naye anapopitisha uzi kwenye sindano. Simu ilikuwa juu ya kitambaa, ujumbe wa yaya unaendelea, nilikuwa nimeuacha ujirudie wenyewe. Papa aliinamisha kichwa polepole, upande, kama anavyoinama juu ya mashini.

"Yaya yako iko na mafua," akasema.

Nilimwambia hapana, hakusema hivyo. Mimi nilikuwa nimeusikiliza ujumbe mzima asubuhi. Amesema wamehamia nyumba nyingine, amesema mvua ni nyingi, amesema mtoto anasalimu koko yake, babu yake. Papa hakunisikia, na safari hii hakutaka kunisikia. Nilichukua simu nikaiunganisha na kaske nyingine niliyokuwa nayo mfukoni, nikasikiliza upya kutoka mwanzo, kama ninavyosikiliza kwaya. Kweli. Kwenye "mvua" pua ilikuwa imeziba. Alikuwa amepanda kilima kwenye mvua hiyohiyo. Mimi profesa wa vikohozi nilikuwa nimebeba maneno yote na kuacha mafua.

Nilimrudishia papa sauti haraka. Alisikiliza mara nne. Machozi yalimshuka yakaingia kwenye sponji, na kwa kuwa amevaa kofia hakuweza kuyafuta, akaacha yashuke.

Halafu akanyoosha mkono akaomba simu, nimwonyeshe mahali pa kubonyeza. Alirekodi kwa sauti ya watu wasiojisikia, parsele nzima, watu wote wa ua wetu, ikatoka nje kuangalia.

"Mwana. Ni papa. Minakusikia. Iko na mafua weye. Usipande tena ile kilima na mvua, ngoja jua, mi niko hapa, siende popote."

Mpita njia mmoja alikuwa amesimama, mzee wa mtaa wa pili, anamtazama papa na kofia yake nyekundu nyuma ya mashini ya kushona. Alimuuliza kwa ishara, kwa heshima zote, anaenda wapi na kaske ile. Papa alimjibu kwamba haendi, ndio anarudi, anatoka Kivu.

Sikio lake la kulia lilifungwa kabisa kabla ya mwaka kuisha, kama alivyosema muuguzi, na papa hata hakutambua ni wiki gani. Alikuwa amekwisha kuhama huko, anasikia kwa mfupa. Nilishonea vikombe vile ndani ya sponji ya kofia, yaani alishona yeye, mimi nilishika. Wateja walizoea. Mtu mgeni akija na kitambaa aliambiwa tafuta fundi mwenye kaske, hautapotea.

Duka la vioo sijalipata bado. Nina kibanda cha mabati chenye feni ambayo huzunguka umeme ukitaka, na kiti, si laini, nimekipaka rangi ya buluu waliyoichagua watu wa toleka. Mtihani wangu nimeuongezea kipengele kimoja: mtu mwenye masikio mazito ninamsogezea vikombe nyuma, kwenye mfupa, kabla ya kumwambia hakuna kitu.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni jibu la yaya. Liliingia siku nane baadaye, mchana, jua kali, kwa hiyo alikuwa ametii. Mimi nilitaka nilisikilize kwanza, kama kawaida yangu. Papa akanipokonya simu, akavaa kofia, akaipiga juu mara mbili ishuke. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikimwangalia. Alitikisa kichwa, akacheka, akaweka kiganja juu ya ile kofia pale sikio lilipo, akafunga macho muda mrefu. Ulikuwa ujumbe wa kwanza wa yaya ambao mimi sikuusikia.

Alipovua, nywele zimelowa jasho, nilimpigia kelele: anasema nini?

Papa aliifuta miwani kwa kipande cha kitenge, bila haraka.

"Maneno nitakupatia," akasema. "Sauti ni ya mi."

Akaanza kunihesabia kwa vidole: wako wazima, mafua yamepona, mdogo ameanza kutembea.

Nikaitika kila neno.